Kopo jipya, kioo kwanza: kutunza kinywa ukiwa na VVU au homa ya ini

Nilikiona kwenye kioo cha lori. Ilikuwa mwaka 2006, foleni ya mpaka wa Malaba upande wa Uganda, magari yamelala siku ya tatu. Nilikuwa nimeinamia kioo cha pembeni nikichokonoa uzi wa nyama uliokwama kwenye gego, nikaona kaakaa limepakwa kitu cheupe kama maziwa yaliyoganda. Nikajiambia ni ile chai ya maziwa. Nikasukutua, nikatema, nikatazama tena. Weupe uko palepale.

Nilivyohangaika nao wiki sita zilizofuata, usifanye hata kimoja. Nilinunua dukani vidonge vya rangi mbili, vile vya kuua bakteria, nikameza siku tano, utando ukazidi. Nikabadilisha duka. Nikausugua ulimi kwa chumvi kavu mpaka ukatoa damu. Mwisho nikawa siwezi kumeza tonge la posho (ugali) bila machozi kunitoka. Musawo (daktari) mmoja kule Tororo akanimulika mdomoni kwa tochi, akaizima, akaniuliza kwa sauti ya chini kama nimewahi kupima VVU. Sikuwa nimepima. Nikapima siku ileile. CD4, ile hesabu ya chembe za kinga kwenye damu, ilikuwa 118, chini sana.

Usukani nimeuacha. Meno sita sina, yaliyobaki nayalinda kama matairi mapya. Siku mbili kwa wiki hukaa kwenye kliniki ya ARV, dawa za VVU, nikizungumza na madereva na matanboi (utingo wao) wanaopita mpakani, Mteso, Mganda, Mkikuyu, Msomali, Mkongo, wote tunakutania kwenye Kiswahili. Haya ninayoandika nimeyapata kwa kuumwa, na kwa musawo wetu wa meno ambaye nimemchosha kwa maswali miaka mingi.

Namna ya kujiangalia

Kopo langu la dawa lina vidonge 30. Kila nikifungua jipya, kabla sijameza cha kwanza, najiangalia mdomoni. Wanaopewa makopo ya vidonge 90 wachague siku ya mwezi wasiyoisahau. Jamaa mmoja ameichagua siku anayolipa kodi ya nyumba.

Nawa mikono. Kama una meno ya bandia, yatoe. Simama penye jua au washa tochi ya simu. Anza na kona za midomo. Kisha vuta mdomo wa chini utazame fizi, ukunje na wa juu. Panua mashavu, moja moja. Toa ulimi, ushike ncha kwa kitambaa safi ili usiteleze, uvute kulia halafu kushoto, maana pembeni mwa ulimi ndipo mengi hujificha. Unyanyue uone chini yake. Halafu inamisha kichwa nyuma utazame kaakaa. Hapo wengi huchoka na kuacha, na ndipo mimi nilipouona utando wangu. Malizia kwa kupapasa chini ya taya na shingoni. Ukishazoea ni dakika mbili.

Unatafuta weupe, wekundu usio wa kawaida, kidonda, uvimbe, doa la zambarau au jeusi, fizi inayotoka damu. Chochote ambacho kimekaa wiki mbili bila kuondoka, kipeleke kwa musawo, hata kama hakiumi.

Utando mweupe

Huu ni ukungu uitwao kandida. Watu wengi wazima wanao mdomoni na hauwafanyi lolote, kwa sababu kinga yao na bakteria wengine wa mdomoni wanauzuia. Kinga ikishuka, unajitandaza. Ndiyo maana vile vidonge vyangu vya rangi mbili viliniongezea ugonjwa: viliua bakteria waliokuwa wakiubana ukungu, ukungu wenyewe havikuugusa.

Utaujua kwa kuupangusa. Chukua kitambaa safi chenye maji, pangusa taratibu. Ukitoka na kuacha pekundu panapowasha, kuna uwezekano mkubwa ni kandida. Usipotoka, na uko pembeni mwa ulimi kama mikunjo au vinywele vifupi, hicho ni kitu kingine. Kinaletwa na kirusi aitwaye Epstein-Barr, hakiumi, na mara nyingi hakitibiwi chenyewe, ARV ndizo hukifuta. Lakini kionyeshe, kwa sababu nacho ni alama kwamba kinga imeshuka. Kandida huweza pia kuja bila weupe wowote, ulimi ukawa mwekundu umepoteza vinundu vyake na chai ya moto ikauchoma. Au ukapasuka kona za midomo tu. Wengi hudhani kona zimepasuliwa na upepo, wakapaka mafuta mwezi mzima.

Dawa yake ipo na si ghali. Ikiwa ni kidogo, hupewa nistatini ya maji, matone ya kukaa nayo mdomoni. Hapa ndipo watu hukosea: wanaimeza kama soda. Inafanya kazi pale inapogusa tu, kwa hiyo izungushe kila pembe, ikae mdomoni muda mrefu uwezavyo, ndipo umeze, na usile wala kunywa kwa nusu saa. Mara nne kwa siku, siku 7 hadi 14, na uendelee siku mbili baada ya weupe kuisha. Ikiwa imetanda sana huandikwa vidonge vya flukonazoli, kwa kawaida miligramu 100 hadi 200 kwa siku, wiki moja hadi mbili. Kabla hujapewa, sema kama una mimba, kama ini lako lina shida, na utaje kila dawa unayomeza, kwani flukonazoli hugombana na dawa kadhaa.

Ukiona kumeza kunauma, tonge linashuka kama limebeba mwiba nyuma ya kifua, ukungu umeshapita koo. Hiyo si ya duka la dawa tena. Ndiyo niliyokuwa nayo mimi. Nilimeza flukonazoli siku 21. Mtu mwenye CD4 chini ya 200 hupimwa pia kriptokoka, ukungu mwingine unaofika kwenye utando wa ubongo, kwa hiyo ukiumwa kichwa kisichoisha pamoja na homa, usingoje tarehe ya kliniki.

Kama uko kwenye ARV muda mrefu na utando umerudi, usimalize habari kwenye nistatini. Omba kipimo cha wingi wa virusi. Pengine umeruka dozi, pengine dawa zimezoeleka na virusi. Wakikuta kwenye damu mambo ni shwari, waulizie sukari, kwa maana kisukari nacho huleta kandida, na hata dawa ya pumu ya kuvuta usiposukutua baada yake. Naliandika hili kwa sababu pale stendi kuna watu wakiona mwenzao ana ulimi mweupe humtangazia silimu (ukimwi) papo hapo. Utando si kipimo cha VVU. Kipimo ni kipimo.

Fizi zinazooza

Kuna harufu moja ambayo ukishaisikia huisahau. Dereva mmoja aliingia kliniki amefunika mdomo kwa leso, nikaisikia kabla hajakaa. Vile vipembe vya fizi vinavyoingia kati ya jino na jino vilikuwa vimeliwa, vimefunikwa na ukoko wa kijivu, vinatoka damu vyenyewe usiku kwenye mto. Huu ugonjwa huja ghafla, huuma vibaya, na ukiachwa hula hadi mfupa, meno yakalegea kwa wiki chache tu.

Yule alikuwa amejitibu kwa asidi ya betri. Usicheke, wengi barabarani wanaitumia kwenye jino bovu: wanachovya njiti ya kiberiti kwenye betri ya lori na kuigusisha kwenye tundu. Maumivu yanatulia kwa sababu umeunguza kilichokuwa kikiuma, pamoja na fizi na ulimi vilivyo jirani. Aspirini ya kuweka shavuni nayo huunguza. Petroli sitaki hata kuizungumzia.

Kinachotibu ni musawo wa meno kusafisha ule uozo na ugaga, kisha metronidazoli kwa siku tano hadi saba, na dawa ya kusukutua ya klorheksidini mara mbili kwa siku. Ukiwa kwenye metronidazoli usiguse waragi wala bia, unaweza kutapika na moyo kwenda mbio. Klorheksidini huacha madoa ya kahawia kwenye meno, hasa kwa sisi wa chai, kwa hiyo ni ya wiki mbili hivi, si ya maisha, na iache nusu saa ipite baada ya kupiga mswaki. Ukiikosa, sukutua maji ya uvuguvugu yenye chumvi, nusu kijiko cha chai kwa glasi. Yanapunguza tu, hayatibu. Na mswaki usiuache kwa sababu fizi inatoka damu. Chukua wenye nywele laini, pitisha polepole. Fizi hutoka damu kwa sababu ya uchafu, ukiacha kusafisha utazidi.

Vidonda na madoa

Vidonda vidogo vyenye duara jekundu, vinavyouma ukila mukene (dagaa) au ndimu, huisha vyenyewe ndani ya wiki moja au mbili. Malengelenge ya midomoni ni kirusi cha herpesi, na asiklovia humsaidia anayeiwahi; yakipita mwezi mmoja hayajapona, kinga iko chini sana. Vinundu vyenye uso kama koliflawa ni vya kirusi cha papiloma. Hivi vinashangaza, vinaweza kuongezeka mtu akishaanza ARV na kupata nafuu. Musawo huvikata, na pengine hurudi.

Doa la zambarau, kahawia au jekundu iliyoiva kwenye kaakaa au fizi, tambarare au limevimba, lisiloumia: hilo ni la kuwahi. Linaweza kuwa saratani ya Kaposi, na kinywa huwa mahali inapoanzia kuonekana kwa watu wengi. Huthibitishwa kwa kukata kipande na kukipima. Tiba ni ARV, na ikihitajika dawa za saratani, ambazo kwa Uganda kitovu chake ni Taasisi ya Saratani ya Mulago, iliyoanza 1967. Nimeona mtu aliyetoka huko miaka minane iliyopita na bado anauza tikiti maji barabarani.

Mdomo mkavu, soda na mairungi

Hapa nasema na madereva wenzangu hasa. Mate ndiyo yanayosafisha meno usiku na mchana. VVU hupunguza mate, homa ya ini aina C vilevile, na dawa nyingi tu, kama zile za usingizi na presha. Halafu wewe juu yake unatafuna mairungi (miraa) kutoka Malaba hadi Kamdini, mdomo umekauka, unaulainisha kwa soda na chingamu ya sukari. Jino linaoga sukari saa kumi mfululizo bila mate ya kuliosha. Meno yangu sita yalikwendea huko, si kwa virusi.

Sikuambii uache vyote leo. Soda inywe pamoja na chakula, iishe, si ya kuonja kidogo kidogo safari nzima. Pembeni weka chupa ya maji. Chingamu iwe isiyo na sukari. Dawa ya meno iwe na floridi, piga asubuhi na kabla ya kulala, dakika mbili, ukimaliza tema povu na usisukutue kwa maji, floridi ibaki kazini. Ukiwa huna mswaki wa dukani, kijiti cha mwarobaini kilichotafunwa ncha kinasafisha vizuri tu, ila pakaza dawa ya meno kwa kidole, maana mti hauna floridi ya kutosha.

Homa ya ini na jino la Soroti

Tanboi wangu wa mwisho alikuwa kijana mwenye nguvu, na homa ya ini aina B aliyojua yeye peke yake. Tukielekea Elegu, mpaka wa Sudan Kusini, jino likamshika Soroti. Asubuhi, mimi nimelala, akaenda akang'olewa na mtu wa sokoni kwa koleo lililotoka kwenye mfuko wa suruali. Tukaondoka. Kufika Lira alikuwa amejaza chupa ya maji kwa damu aliyokuwa akiitema.

Ini ndilo linalotengeneza vitu vya kugandisha damu. Likichakaa, damu haigandi vizuri, na chembe zinazoziba majeraha nazo hupungua. Kwa hiyo mwenye homa ya ini sugu, kabla ya kung'oa, huomba kipimo cha damu cha kuganda na cha chembe hizo. Ni mambo ya siku moja, na musawo akijua, anajiandaa kwa uzi wa kushonea na dawa za kuzuia damu. Usiku ule niliyemsikiliza ni musawo kwa njia ya simu: pindua kipande cha shashi au kitambaa safi kiwe kinene, kiweke juu ya tundu lenyewe, si pembeni, ang'ate kwa nguvu nusu saa bila kufungua kuchungulia. Asiteme, asisukutue, asivute sigara, maana kufyonza huvuta bonge la damu litoke. Ikiendelea, hospitali. Iliendelea. Alishonwa Lira.

Dawa za maumivu nazo zina lake. Diklofenaki na ibuprofeni huongeza kutoka damu, na kwa mwenye ini lililosinyaa zinaweza kuangusha figo. Sisi tunaomeza tenofovia, moja ya ARV, vilevile tusizifanye chakula, kwani tenofovia yenyewe inaigusa figo. Parasetamoli ndiyo salama zaidi, lakini ini likiwa baya isizidi gramu mbili kwa siku, yaani vidonge vinne vya miligramu 500, na bila pombe.

Kama una VVU pamoja na homa ya ini B, jua kwamba tenofovia na lamivudini zilizomo kwenye kidonge chako kimoja zinapigana na vyote viwili. Ukikiacha kidonge hicho ghafla, ini linaweza kuripuka. Hata jino likuume namna gani, ARV usizisimamishe eti "dawa zisigongane". Homa ya ini C ina vidonge vinavyoiponya kabisa, mara nyingi kwa wiki 12. Ukikutwa na mabaka meupe kama utando wa buibui ndani ya mashavu, musawo huweza kukupima hiyo.

Na mswaki! Ndani ya kebini tulikuwa tunachangia kila kitu, sabuni, kijiko, wembe, na ndiyo, mswaki. Kirusi cha homa ya ini B huishi nje ya mwili siku saba, na fizi hutoka damu bila mtu kujua. Chanjo yake ni sindano tatu, ya pili mwezi mmoja baada ya ya kwanza, ya tatu miezi sita baada ya ya kwanza. Watoto wa Uganda wanaipata tangu 2002. Sisi wakubwa hatukuipata, tupime kwanza, tukiwa hatuna tuchanjwe.

Mbele ya musawo wa meno

Musawo wa meno hupatikana kwenye kituo cha afya cha ngazi ya IV na hospitali. Ukikaa kwenye kiti, sema mapema: "Nina VVU, nameza dawa hizi, CD4 ya mwisho ilikuwa hivi, wingi wa virusi hivi." Au: "Nina homa ya ini." Beba kadi yako ya kliniki akusomee. VVU iliyotulia si sababu ya kunyimwa kung'olewa, kuzibwa wala kusafishwa. Kidonda hupona kama cha mwingine.

Nilisema hivyo mara moja kwenye kliniki fulani ya kulipia, nikaambiwa mashine imeharibika. Nikakaa nje kwenye benchi kupumzisha mguu, nikasikia mashine ikinguruma kwa aliyenifuata. Miaka minne baada ya hapo sikumwambia mtu. Lilikuwa kosa langu la pili, maana jipu la jino lilinifumba taya. (Taya ikigoma kufunguka, uvimbe ukashuka chini ya kidevu, au pumzi ikawa nzito, hiyo ni dharura ya saa ileile, usiku au mchana.) Vifaa hupaswa kuchemshwa kwa mvuke wa presha baada ya kila mgonjwa, na glavu kubadilishwa, uwe umesema au hukusema. Anayekukataa anakiri kwamba vifaa vyake havisafishi. Tafuta mwingine, na usimfiche.

Kwa sababu hiyohiyo, mkeo au dada yako akiambiwa kwamba mtoto anaharisha kwa ajili ya ebinyo, yale "meno ya uongo" yanayochokonolewa kwenye fizi kwa sipoku ya baiskeli, mzuie. Kile ni kijino kinachokua, na ile sipoku imetoka kwenye mdomo wa mtoto mwingine. Mtoto mchanga huweza kupata utando mweupe bila neno, lakini akishapita miezi miwili nao bado upo au unarudi, apimwe.

Tanboi wangu sasa ana lori lake, anakwenda Juba. Tunakutana akipita Malaba, tunakunywa chai, namwambia afungue mdomo nimulike. Mswaki wake ameuzungushia utepe mweusi wa umeme kwenye mpini. Tanboi wake mpya ana wake, wa utepe mwekundu.